Buni Isiyong'atwa

Mumina alitoka kwa daktari wa meno amefumba mdomo, nami niliyemjua miaka kumi na tisa nikashtuka kuliko ambavyo ningeshtuka kama wangemtoa amebebwa. Mumina hafumbi mdomo. Shavu la kulia lilikuwa limevimba, mtandio umekwenda upande, na jicho moja lilikuwa linatoa machozi bila idhini yake. Alifungua kiganja akanionyesha jino lenyewe ndani ya kipande cha karatasi: jino la chonge, la juu, limetoboka ubavuni, na mzizi wake mrefu kama msumari wa bati.

Daktari, kijana mpole mwenye miwani, alimfuata nyuma akanipa masharti mimi, maana alishaona kwamba mgonjwa mwenyewe hamsikilizi. Pamba aing'ate nusu saa. Leo asiteme, asisukutue, asinyonye chochote kwa mrija, kwa sababu ile damu inayoganda ndani ya shimo ndiyo dawa, ikibanduka atajuta. Asinywe cha moto. Kesho aanze kusukutua kwa maji ya chumvi, taratibu. Asiiname, asibebe mizigo, alale na mito miwili.

"Na asiongee sana siku mbili tatu hizi," akasema. "Kitu kigumu asiking'ate wiki nzima."

"Wiki nzima?"

"Wiki nzima, mama."

Mumina akamtazama vile anavyomtazama mteja anayeuliza kama maziwa yametiwa maji. Kisha akatangulia nje, juani, akaita bodaboda kwa kupiga makofi.

Niseme mapema kwamba mimi si shahidi wa kuaminika nikimzungumzia Mumina, kwa sababu nampenda. Naitwa Arafa, Mpokomo wa Wenje niliyeolewa Garsen, na nauza ndizi stendi. Yeye ni Muorma, na anauza maziwa hatua tatu kutoka kwenye ndizi zangu. Wageni hudhani mkulima na mfugaji wakiwekwa jirani lazima wagombane, na kusema kweli hawakosei, kwani urafiki wetu ulianza kwa matusi. Ng'ombe wake mmoja aliingia kwenye viazi vyangu kule mtoni, nami nikamfuata mwenye ng'ombe hadi mlangoni kwake. Nilimtukana kwa Kipokomo, akanijibu kwa Kiorma, na tulipochoka tukahamia Kiswahili. Kiswahili chetu siku hizo kilikuwa kibovu hata matusi yakawa hayaumi, tukaanza kucheka. Alinipa maziwa nikanywa, na kesho yake nikampelekea viazi vilivyosalimika.

Mumewe, marehemu Gollo, alifariki miaka mitatu iliyopita, ukame ukiwa umeshamaliza ng'ombe wengi. Waliobaki wa marehemu waligawanywa mbele ya kadhi, na mdogo wake, Halake, akachukua fungu lake akaenda nalo Chewele. Mumina alibaki na binti yao, Ruwaida, na ng'ombe saba ambao hawakuingia kwenye mirathi kabisa. Hao ni uzao wa mtamba mmoja aliopewa na baba yake mzazi siku ya harusi. Kila mtu Garsen anajua hivyo. Halake pia anajua, ila kujua ni kitu kimoja na kutamani ni kingine.

Tangu hapo, kila akija mnadani Garsen, Halake hupita kwa shemeji yake na wimbo ule ule. Mwanamke bila mume hachungi ng'ombe. Chewele kuna nyasi. Awachanganye na wake, kwa usalama wao, naye atawatunza kama mboni ya jicho lake. Lakini hapa mjini habari hazilali, na tulishasikia kwamba amezungumza na mfanyabiashara wa mifugo wa Madogo, na kwamba mboni zile za jicho zilikuwa zinatafutiwa lori. Mumina alikuwa akimwacha amalize, kisha anamjibu. Sitayarudia majibu yake hapa. Halake alikuwa akiondoka kwa kasi ya mtu aliyekumbuka kwamba ameacha moto nyumbani.

Lazima nieleze buni, maana bila buni hamtaelewa kilichotokea. Kwa Mumina, mgeni wa heshima hapewi chai tu akaondoka. Hukaangiwa buni, yaani matunda makavu ya kahawa pamoja na maganda yake, ndani ya samli. Huletwa kwenye bakuli la mti zikiogelea, watu wakatafuna, wakajipaka ile samli mikononi na usoni, wakaombeana dua. Mtoto akizaliwa, buni. Mvua ikikawia, buni. Watu wakiwa na jambo la kumaliza, buni, na neno lililotafuniwa buni halirudi nyuma tena. Anayetafuna haongei mpaka ameze.

Kabla ya kukaangwa, kila tunda hung'atwa ncha, moja moja, kwa meno. Anayeng'ata ni mama mwenye nyumba, au yule ambaye mama huyo amemkabidhi kibuyu cha buni kwa mkono wake. Na aliyeng'ata ndiye anayefungua maneno.

Wanaume wao wametafuna buni tangu utotoni, lakini sufuria iko upande wa wanawake, kwa hiyo wengi hudhani kule kung'ata ni adabu tu. Si adabu. Tunda lisilotobolewa likiingia kwenye samli ya moto hujaa mvuke likapasuka. Najua kwa sababu mwaka wa pili wa urafiki wetu nilijitia mwenyeji, nikamwaga konzi nzima bila kung'ata hata moja. Kovu liko hapa kwenye mkono wangu wa kushoto, na Mumina kila akiliona huniuliza kama bado nina hamu ya kupika.

Miaka thelathini na kitu ya kung'ata buni kwa jino lile lile la chonge ndiyo iliyolimaliza. Alikaa nalo bovu miezi minane akisema litapoa. Halikupoa.

Siku ile ya kung'oa tulimlaza kwenye mkeka ndani ya nyumba yake ya mabati, mito miwili chini ya kichwa. Ruwaida alienda dukani akaleta barafu kwenye mfuko, tukaifunga kwenye kanga akaishikilia shavuni. Ganzi ilipoisha, aliupiga mkeka kwa kiganja mara tatu, na hiyo ndiyo sauti pekee aliyotoa. Nilimpa uji uliopoa, akaunywa kwa kijiko akiniangalia kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyeshika koleo. Alitaka kutema. Nikamkatalia. Akataka chai ya moto. Nikamkatalia. Mara ya kwanza katika maisha yetu nilikuwa naongea peke yangu na yeye hana la kujibu, na wallahi nilifaidi.

Kesho yake asubuhi nilimkuta zizini, ameinama chini ya Dima, yule ng'ombe wake mwekundu, anakamua.

"Mumina! Daktari alisema nini?"

Akanionyesha ndoo. Maana yake ng'ombe hawakuhudhuria kikao cha daktari.

"Ma, si nilikuambia nitakamua mimi?" Ruwaida akalalamika. Ana miaka kumi na saba na mikono mizuri ya kukamua, lakini mama yake anaamini kwamba Dima humpa Ruwaida nusu tu ya maziwa.

Alipoinuka, damu ilikuwa imeanza kuchuruzika upya pembeni mwa mdomo. Ile iliyoganda ilikuwa imebanduka, kama tulivyoonywa. Tulimrudisha kwenye mito, nikampa pamba safi aing'ate, nikamgombeza mpaka nikajichosha. Na hapo ndipo nilipomsikia mtu nje akipiga hodi kwa sauti ya furaha.

Alikuwa Halake. Nyuma yake walikuwa wazee watatu, akitangulia mzee Abdiaziz, ambaye neno lake kati ya Waorma wa mtaa ule ndilo la mwisho. Halake alikuwa amekuja mnadani, akasikia stendi kwamba Mumina amekatazwa kuongea, naye hakungoja hata jua lipande. Alikuwa amevaa kanzu ya Ijumaa siku ya Jumatano, na mkononi ana mfuko wa buni, nusu kilo nzima, za dukani.

Huyu mtu alikuwa amemsumbua shemeji yake miaka mitatu, sasa alikuwa amechagua siku.

Wazee walimpa Mumina pole, wakakaa. Walizungumza Kiorma, nami Kiorma nakielewa zaidi ya ninavyokubali kukielewa. Halake alieleza kwa sauti tamu. Marehemu kaka yake. Ukame. Wezi wa mifugo. Mwanamke na binti peke yao. Lori liko tayari kesho Alhamisi, litawachukua ng'ombe wote saba kwa salama, kilichobaki ni dua za wazee. Mzee Abdiaziz akamgeukia Mumina na kumuuliza kama anayakubali maneno yale.

Mumina akaichomoa pamba ili ajibu. Damu ikafuata, nyingi, ikashuka kidevuni hadi kwenye mtandio. Ulimi ulikuwa mzito, sauti ikatoka kama ya mtu aliye chini ya maji. Ruwaida akapiga kelele, akairudisha pamba kwa nguvu, akaushika mdomo wa mama yake kwa mikono miwili.

"Mnaona wenyewe," Halake akasema. "Mwanamke ambaye huwa ananifukuza mpaka barabarani, leo nimesema yote na amenyamaza. Kimya ni ridhaa."

Wazee wakatazamana. "Kimya ni ridhaa," akasema mmoja. "Ni kweli, kimya ni ridhaa," akasema wa pili. Mzee Abdiaziz aliinamisha kichwa kidogo, naye akasema hivyo hivyo.

Hapo nilishindwa. "Kimya gani?" nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo mama yangu angeionea haya. "Ana pamba mdomoni! Ametolewa jino jana! Hata mbuzi anayechinjwa hupewa nafasi ya kulia!"

"Wewe Arafa," Halake akanijibu bila kunitazama, "hii maneno ni ya sisi Waorma. Wewe enda uza ndizi yako."

Ningempiga. Nasema kweli, niliangalia huku na huku nikitafuta kitu. Lakini Mumina alinigusa mguu. Nilipomtazama, alikuwa amejilaza tena kwenye mito yake miwili, mikono imetulia tumboni, na macho makavu kabisa. Nilidhani amekata tamaa, na moyo wangu ukauma kwa namna ambayo sikuitarajia.

"Basi buni," mzee Abdiaziz akasema. "Tumalize."

Kibuyu cha buni cha nyumba ile kilikuwa kando ya mto wa Mumina. Halake akamwomba. Mumina akakivuta, akakikumbatia kifuani, kisha akafungua mdomo taratibu na kumwonyesha mahali palipokuwa na jino.

"Basi Ruwaida ang'ate," Halake akasema.

Ruwaida akamtazama mama yake. Mama yake hakukitoa kibuyu. Ruwaida akakunja mikono, akajiegemeza ukutani. "Sijapewa," akasema.

"Mke wa mzee mmoja aje ang'ate."

"Nyumba ni ya nani?" akauliza mzee Abdiaziz, bila ukali, kama anavyouliza mtu anayejua jibu.

Halake alianza kutoka jasho. Lori lilikuwa kesho. Akaupiga ule mfuko wake wa nusu kilo. "Buni ninazo mwenyewe. Nimekuja nazo kama mgeni mwenye heshima zake. Kung'ata ni adabu za wanawake tu, na mwenye nyumba ni mgonjwa, Mungu anasamehe. Nitakaanga mwenyewe. Samli iko wapi?"

Na hapo Mumina akafanya jambo ambalo sitalisahau. Akanyoosha mguu, akakisukuma kibuyu cha samli taratibu mpaka kikafika mbele ya Halake. Samli nzuri, ya Dima. Halake akatabasamu, akawaonyesha wazee. Hata samli katoa!

Mimi nikalitazama kovu langu. Kisha nikamtazama Ruwaida, naye akanitazama, na sote wawili tukavuta miguu nyuma, kimya kimya. Tuliuvuta pia mkeka wa Mumina. Yeye mwenyewe alijifunika kanga mpaka puani.

Halake alikoka moto katikati ya chumba, mbele ya wazee, apate kuonekana. Alimwaga samli nyingi, kama mtu asiyejua ilivyopatikana. Akangoja ichemke mpaka ianze kutoa moshi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia vinginevyo. Kisha akaumimina mfuko wote kwa mara moja, akainama juu ya sufuria kuzitazama.

Kwa muda kidogo hapakutokea kitu. "Si mnaona?" Halake akasema.

Ya kwanza ilipasuka, ikaruka, ikampata kwenye ndevu. Alipokuwa akiifuta zikapasuka nyingine zote. Zilipiga mabati, zikapiga kuta, zikawafuata wazee kwenye mikeka yao. Mzee mmoja aliyekuja na bakora ya kutembelea alitoka nje bila bakora. Kanzu ya Ijumaa ya Halake iliingia madoa kuanzia kifua hadi magotini, na yeye anaruka-ruka, anapulizia vidole, anamwita mama yake aliyefariki zamani. Ruwaida ndiye aliyechukua kifuniko na kuifunika sufuria. Chini ya kanga, mabega ya Mumina yalikuwa yanatikisika.

Tuliwapaka wazee maji baridi. Hakuna aliyeungua vibaya, ila mzee Abdiaziz alikuwa na kikoi kipya, na kile kikoi sasa kilikuwa na doa la samli lenye ukubwa wa sahani. Alilitazama kwa muda mrefu. Halafu akamtazama Halake kwa muda mrefu zaidi.

"Buni imekataa," akasema. "Neno halikufungwa. Tutarudi mwenye nyumba akiweza kung'ata."

"Lini?" Halake akauliza, vidole mdomoni.

Nilingoja mtu mwingine ajibu, kwa sababu maneno ni ya Waorma. "Daktari amesema wiki nzima," nikasema. "Kwa hiyo Jumatano ijayo ndio siku ya nane."

Lori liliondoka Alhamisi na ng'ombe wa watu wengine.

Msidhani wiki ile ilikuwa ya vicheko. Siku ya tatu maumivu yalimpanda hadi sikioni, na kwa kuwa shimo lilikuwa limebaki wazi, ilibidi tumrudishe kwa daktari akamwekea dawa na kumgombeza kwa upole. Alikonda. Alisukutua maji ya chumvi asubuhi, mchana na jioni, akiyazungusha mdomoni huku akiniangalia kwa chuki. Siku ya nne alipata sauti, na neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Chumvi yako ni mbaya."

La pili hakulisema kwa mzaha. Tulikuwa wawili tu, Ruwaida amepeleka maziwa stendi.

"Arafa, naogopa."

Mumina haogopi. Nilimwona mwaka wa mafuriko akivuka maji ya kifuani na ndama begani.

"Wakikubali wale wazee," akasema, "mimi nitakuwa nani? Asubuhi nitaamka nifanye nini? Nitakaa stendi niuze nini, upepo? Watu wanasema ng'ombe saba ni wachache. Wachache kwa nani? Baba alinipa mtamba mmoja akaniambia, huyu ni wako hata ukikosana na dunia nzima. Gollo mwenyewe hakuwahi kuwagusa bila kuniuliza." Machozi yakamtoka, akayafuta kwa hasira. "Na sasa nalia, na daktari amekataza kamasi."

Daktari hakukataza kamasi, alikataza kupenga kwa nguvu, lakini sikumsahihisha. Nilimshika mkono tukakaa hivyo mpaka adhuhuri.

Siku ya sita Halake alipiga simu. Alizungumza na Ruwaida, na Ruwaida akaweka sauti ya juu tusikie sote. Amejuta, alisema. Hapendi kuona shemeji yake ana pengo mbele za watu. Kuna mtu Garissa anatengeneza meno ya bandia mazuri, mtu hawezi kutofautisha, na yeye Halake yuko tayari kumpeleka kwa gharama yake mwenyewe, mradi tu lile jambo la ng'ombe liishe kwa wema.

Mumina akaomba simu. "Shemeji," akasema, pole pole, kwa Kiswahili ili nami nifaidi, "jino la pembe si dawa ya pengo. Njoo Jumatano. Buni nitang'ata."

Akakata.

"Utang'ata kwa jino gani?" nikamuuliza. "Lile jino liko kwenye karatasi."

"Mungu alinipa machonge mawili juu," akasema. "La kushoto lilikuwa linamtazama mwenzake anafanya kazi miaka yote. Sasa zamu yake."

Jumatano walikuja, safari hii wameitwa. Ruwaida ndiye aliyezunguka nyumba za wazee kuwaambia kwamba mama yake amepona. Mzee Abdiaziz alikuja na kikoi cha zamani, nikaona kwamba ni mtu mwenye akili. Halake alikuja na ndevu zimepunguzwa upande mmoja. Alikaa mbali na moto.

Mumina alikaa juu ya kigoda, mgongo wima, amejitanda mtandio mweupe. Alikifungua kile kibuyu alichokuwa amekikumbatia wiki nzima, akaanza kung'ata. Alichukua tunda moja, akalipeleka upande wa kushoto, akalitafutia pembe. Likateleza. Akalirudisha. Upande ule haukuzoea, ilikuwa kama kumwona mtu akiandika kwa mkono usio wake. Nilijua ufizi wa kulia bado unauma kila taya linapofunga, maana niliona jicho lile lile likitoa machozi bila idhini.

"Ruwaida amsaidie," Halake akasema.

"Kaa," mzee Abdiaziz akamwambia.

Mumina alizing'ata zote. Sikuhesabu, lakini kivuli cha mlango kilihama kutoka mguuni kwangu hadi kwenye mkeka wa wazee. Kisha akakaanga mwenyewe, kwa moto mdogo, na buni zile zikalala kwenye samli zimetulia, zinatoa harufu iliyojaa nyumba nzima. Hakuna hata moja iliyoruka. Nilimwona Halake akiitazama sufuria kama mtu aliyetukanwa.

Mumina akamimina kwenye bakuli la mti. Hakuligawa mara moja. Aliliweka magotini, maana aliyeng'ata ndiye anayefungua maneno.

"Ng'ombe hawa saba alinipa baba yangu," akasema. "Walizaliwa mikononi mwangu. Wenzao walikufa nikiwa nimewashika kichwa. Hawaendi Chewele, hawaendi Madogo, hawapandi lori. Watakaa hapa Garsen, watakamuliwa na mimi, na baada yangu na Ruwaida. Hilo ndilo neno la nyumba hii. Anayelikubali atafune. Asiyelikubali arudishe bakuli, aseme mbele ya wazee kwa nini ng'ombe wangu si wangu."

Mzee Abdiaziz alichukua bakuli, akatia buni mdomoni, akatafuna. Wa pili akatafuna, na wa tatu. Bakuli likafika kwa Halake.

Alilishika kwa mikono miwili. Nilimwona akitafuta maneno, na pia akitafuta mlango. Lakini kurudisha buni iliyong'atwa na mama mwenye nyumba, na damu bado haijakauka vizuri kwenye ufizi wake, mbele ya wazee aliowaleta yeye mwenyewe? Angetembea nayo aibu hiyo kutoka hapa hadi Chewele. Akachukua buni tatu, akazitia mdomoni, akatafuna huku akitazama chini.

Mumina akamsubiri mpaka mdomo umejaa.

"Shemeji," akasema, "una neno lolote juu ya ng'ombe wangu?"

Halake akainua macho. Anayetafuna haongei. Akaendelea kutafuna.

Mumina akawageukia wazee. "Nimemuuliza, naye amenyamaza," akasema. "Wiki iliyopita mlisema nini juu ya mtu aliyenyamaza?"

Mzee Abdiaziz alimeza kwanza, kwa heshima ya buni. Akajipaka samli usoni, akaufuta mdomo.

"Kimya ni ridhaa," akasema.

Mumina akatabasamu, pengo lote nje.

"Amin," nikasema mimi, ambaye maneno yale hayanihusu.